Bukavu: krimu ya barafu ya nyumbani bila frigo, kwa ndoo, barafu na chumvi

Mwanzoni mwa mwezi wa saba, siku ya proklamasio, watoto wa Bukavu wanatoka shuleni na buletini mkononi, na aliyepita darasa anajua ana haki ya kudai kitu. Kuna wanaodai soda, kuna wanaodai viatu. Watoto watatu wa dada yangu mkubwa, wakaaji wa Kadutu, wanadai krimu ya barafu.

Mwaka jana tuliwapeleka kuinunua mjini. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, ukarudi mchana. Krimu waliyopewa ilikuwa ngumu na yenye rangi nzuri, lakini mdomoni ilikuwa na chembe-chembe kama mchanga. Jioni yule mdogo wao alianza kuhara na kutapika. Dada alikesha naye hadi asubuhi, akimnywesha maji ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko. Hatukuwa na njia ya kuhakikisha kama kosa lilikuwa la krimu ile. Lakini dada alikata shauri: mwaka huu krimu itatengenezwa nyumbani, ama haitaliwa.

Shida ni kwamba nyumbani kwake hakuna frigo. Mimi, mama yao mdogo, ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta njia. Njia ipo, tena ni ya zamani kuliko umeme wa mjini kwetu.

Chumvi inafanya kazi ya frigo

Barafu ya kawaida inayeyuka kwenye digrii 0. Baridi hiyo haitoshi, kwa sababu maziwa yenye sukari yanaanza kuganda chini ya hapo, karibu digrii 2 au 3 chini ya zero. Ukiizungushia sufuria ya maziwa barafu tupu, utapata maziwa baridi, basi.

Ukiimwagia barafu hiyo chumvi, mambo yanageuka. Chumvi inailazimisha barafu kuyeyuka hata ikiwa chini ya zero. Na ili iyeyuke, barafu inahitaji joto. Inalichukua pale inapolipata, yaani kwenye ukuta wa sufuria na katika maziwa yaliyomo. Chumvi na barafu zikichanganywa kwa kipimo kamili, baridi inaweza kushuka hadi karibu digrii 21 chini ya zero. Jikoni, kwa kilo moja ya chumvi na kilo tatu za barafu, si lazima ufike huko. Ukipita digrii 10 chini ya zero, krimu itaganda.

Ujuzi huu si mpya. Mwaka 1843, mwanamke wa Philadelphia, Marekani, aitwaye Nancy Johnson, alipewa hati ya uvumbuzi kwa mashine ya mkono ya kutengeneza krimu: ndoo inje, chombo cha krimu ndani, barafu na chumvi katikati, na mpini wa kuzungusha. Kadutu tulifanya vile vile, ila mpini ulikuwa mikono ya watoto.

Maziwa kwanza

Kwa watoto wanane hadi kumi, tulitumia lita moja ya maziwa, gramu 180 za sukari, vijiko sita vya chakula vya maziwa ya unga, vijiko vitatu vya maizena, chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili, na pakiti moja ya sukari ya vanila.

Mapishi mengi yanataka viini vya mayai. Sisi tuliyaacha mayai kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni kwamba yai lisiloiva vizuri linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na viini vikizidi moto vinakatika na kuwa kama mayai ya kukaanga. Maizena haina taabu hiyo. Huko Sisilia, Italia, ambako watu wanajua krimu ya barafu tangu zamani, wengi wanatumia wanga badala ya mayai, na hakuna anayewaambia wamekosea.

Maziwa ya unga yana kazi yake pia. Kadiri maziwa yanavyokuwa na maji mengi, ndivyo krimu inavyotoa chembe kubwa za barafu. Unga unapunguza nafasi ya maji, na krimu inakuwa laini.

Koroga maizena, sukari na maziwa ya unga katika kikombe cha maziwa baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha maziwa yaliyobaki, kisha mimina mchanganyiko huo ndani huku ukikoroga bila kuacha. Yakishaanza kutokota, yaache dakika tatu kamili. Bukavu iko juu, karibu mita 1.500 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji yanatokota kwenye digrii 95 hivi, si 100. Joto hilo linatosha kuua vijidudu vya maziwa mabichi, lakini maizena inahitaji dakika hizo ili iive na kuacha ladha ya unga.

Onja yakiwa ya moto: yanapaswa kukuzidi utamu kidogo. Ulimi uliopigwa na baridi hausikii sukari vizuri, na kinachoonekana kitamu mno kwenye moto kitakuwa sawasawa kikiganda. Funika, weka sufuria ndani ya baseni la maji baridi, na usianze kugandisha mpaka mchanganyiko upoe kabisa. Ukiuweka wa moto, barafu yako yote itaishia kupoza maziwa.

Kosa la kwanza

Mara ya kwanza tuliharibu. Tulichukua sufuria fupi, tukaizamisha katika ndoo iliyojaa barafu na chumvi, tukazungusha kwa furaha. Baada ya dakika ishirini dada alionja, akatema. Barafu ilipoyeyuka, maji ya chumvi yalipanda na kuingia chini ya kifuniko. Lita moja ya maziwa ilimwagwa mbele ya watoto waliokuwa wameshika vijiko.

Mara ya pili tulikuwa na akili. Chagua sufuria ndefu ya aluminiamu yenye kifuniko kinachobana. Chombo cha plastiki hakifai, kwa sababu plastiki inazuia baridi kupita. Usijaze sufuria zaidi ya nusu, na barafu ya inje ibaki vidole vitatu chini ya mdomo wake. Maji yakipanda, yapunguze kwa kikombe, kisha ongeza barafu na chumvi.

Kwa lita moja ya maziwa tuliandaa kilo nne za barafu, iliyopondwa ndani ya gunia kwa mchi, na kilo moja na robo ya chumvi. Panga barafu chini ya ndoo, nyunyiza chumvi, weka sufuria, kisha endelea tabaka kwa tabaka pembeni. Zungushia ndoo blanketi la zamani, ili barafu isichukue joto la chumba. Usishike barafu yenye chumvi kwa mikono mitupu. Inachoma ngozi kama moto.

Halafu kazi ya mikono inaanza. Watoto walishika masikio ya sufuria kwa zamu, wakaizungusha kushoto na kulia. Kila dakika tano nilipangusa kifuniko kwa kitambaa safi kabla ya kukifungua, nikakwangua kwa mwiko kile kilichoganda pembeni na kukichanganya na cha katikati. Bila kukwangua, utapata jiwe la maziwa. Mwiko unavunja chembe za barafu zingali ndogo, na unaingiza hewa. Hata krimu ya viwandani inaweza kuwa hewa tupu kwa nusu ya ujazo wake.

Baada ya dakika arobaini mwiko ulisimama wenyewe. Hapo krimu iko tayari kuliwa ikiwa laini. Anayeitaka ngumu zaidi amwage maji ya ndoo, aweke barafu na chumvi mpya, afunge na kusubiri saa moja. Maji ya chumvi yasimwagwe kwenye bustani ya mboga, yataiua.

Sosi mbili za kwetu

Krimu ya maziwa peke yake ni tamu, lakini sosi ndiyo inayoipa jina. Tulitengeneza mbili.

Ya kwanza ni ya marakuja. Chukua marakuja manane, chuja maji yake, acha mbegu chache kwa uzuri. Weka vijiko sita vya sukari na kijiko kimoja cha chai cha maizena iliyokorogwa kwa maji baridi. Chemsha dakika tano, poza. Ukali wa marakuja unakata mafuta ya maziwa, na hata mtu mzima asiyependa vitu vitamu anaomba tena. Asiyepata marakuja atumie nanasi la Idjwi lililosagwa, apunguze sukari.

Ya pili ni ya kakao: vijiko vinne vya unga wa kakao, vijiko sita vya sukari, nusu kikombe cha maji na chumvi kidogo. Changanya vikavu kwanza, kisha maji kidogo kidogo. Ichemke dakika tatu, ondoa motoni, weka kijiko cha siagi. Imimine ikiwa vuguvugu, si ya moto. Ikigusa krimu itakuwa nzito yenyewe.

Tulipokuwa tukikoroga, mtoto mkubwa aliuliza kakao inatoka wapi. Jibu liko karibu kuliko alivyofikiri: Beni na Mambasa wanalima kakao nyingi, na vanila pia inalimwa upande wa Beni. Lakini sehemu kubwa ya kakao hiyo inauzwa inje ingali mbegu kavu, na unga tunaonunua dukani mara nyingi una jina la inchi nyingine kwenye boksi.

Barafu ya ndoo si chakula

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko utamu. Wengi wanaamini baridi inaua vijidudu. Haiui, inavilaza tu. Kijidudu cha kipindupindu kinaweza kubaki hai ndani ya barafu, na kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika tunaujua ugonjwa huo. Waliokuwa Goma mwaka 1994 waliona maelfu ya watu wakifa kwa muda mfupi.

Kwa hiyo barafu ya ndoo, hata ikiwa nyeupe na ya kupendeza, haiingii mdomoni wala kwenye glasi ya juisi. Hatujui ilitengenezwa kwa maji gani. Mikono inaoshwa kwa sabuni, mwiko na vikombe vinamwagiwa maji ya moto. Anayehara hashiki sufuria siku hiyo.

Sheria nyingine ni hii: krimu iliyoyeyuka haigandishwi tena. Ikiwa kioevu cha vuguvugu, maziwa na sukari yake vinalisha vijidudu, navyo vinaongezeka. Ukiigandisha upya, unavihifadhi vyote. Ikikaa inje saa mbili, imwage. Inauma, lakini usiku wa kuharisha unauma zaidi.

Hata ukinunua, macho yanaweza kukusaidia. Krimu iliyoyeyuka na kuganda tena mara nyingi ina chembe kubwa za barafu, imeshuka ndani ya kikombe chake, au ina kioevu kilichoganda chini peke yake. Ukiona hivyo, rudisha, hata kama mtoto analia.

Kwa wamama wanaofikiri kuuza

Majirani wawili walikuja kuangalia, na swali lao la kwanza lilikuwa la biashara. Inawezekana, lakini hesabu ifanywe vizuri. Wengi wanahesabu maziwa na sukari, wanasahau makala ya kuchemshia na hasa chumvi, ambayo inatumika zaidi ya kilo kwa kila ndoo na hairudi. Barafu nayo inakula faida ikinunuliwa mbali, kwa sababu inafika nusu imekuwa maji.

Tena biashara hii haina kesho. Kilichobaki jioni hakiuzwi asubuhi. Njia salama ni kutengeneza kwa ajili ya watu walioagiza: komunyo, siku ya kuzaliwa, harusi ndogo ya mtaani. Unajua idadi, unajua saa, na ndoo inafunguliwa mbele yao.

Kadutu, siku ile, hakukubaki kitu cha kumwaga. Watoto wa nyumba tatu walikula, na yule mdogo aliyeumwa mwaka jana alikwangua sufuria mpaka tukamnyang'anya mwiko. Usiku dada aliamka mara mbili kumgusa tumbo na paji la uso. Mtoto alikuwa amelala.

Asubuhi dada alinituma sokoni kutafuta bei ya chumvi kwa gunia.