Vitshumbi: Maua ya lupango yakatwe wakati gani, na kwa kiasi gani?

Vitshumbi, kwenye ukingo wa kusini wa ziwa Edward, katika teritware ya Rutshuru, maua ya lupango si ya urembo tu. Kwa mwenye kukosa feza ya matofali, mstari wa ibiskusi ao wa bougainvillea njo ukuta wa parseli. Usiku viboko hutoka ziwani kula majani, na lupango mrefu usiokatwa unamzuia mtu kuona kilicho mbele ya mlango wake alfajiri. Lakini lupango uliokatwa vibaya unakauka, unaacha matundu.

Kufuata mvua

Vitabu vingi vya bustani kutoka Ulaya vinashauri kukata baridi inapoisha. Vitshumbi iko karibu sana na ikweta, hakuna baridi hiyo. Kinachoamuru ni mvua, inayorudi kwenye mwezi wa 3 na tena kwenye mwezi wa 9. Kwa hiyo kazi kubwa ya kukata inafaa mwisho wa kiangazi: mwisho wa mwezi wa 2 ao wa mwezi wa 8. Hapo macho yaliyolala kwenye tawi yanaamka pamoja na mvua.

Mmea ukikatwa sana mwezi wa 6, machipukizi yanaungua na jua, na udongo mkavu hauwezi kuyalisha. Ukikatwa katikati ya mvua kali, vidonda vinachelewa kukauka na ukungu unaingia.

Si maua yote yana tabia moja. Ibiskusi hutoa maua kwenye matawi mapya, njo maana kuikata mbele ya mvua hakuleti hasara. Bougainvillea nayo ni vile vile, lakini inapenda kuchanua wakati wa ukavu. Inakatwa mara tu maua yake yanapoanguka. Kwenye milima ya baridi kama Masisi, hortensia inachanua juu ya matawi ya zamani. Hiyo ikatwe kisha maua kukauka. Mwenye kuikata mbele atakaa bila ua.

Theluthi moja inatosha

Kwanza yatolewe matawi makavu, ya ugonjwa na yanayosuguana. Kisha lupango upunguzwe, bila kupita theluthi moja ya urefu wake. Chini ubaki mpana kuliko juu, ili jua lifike paka kwenye majani ya chini. Urefu wa kifua unatosha: mbuzi hapiti, na mtu anaona nje.

Lupango wa zamani, ulio mtupu chini, haukatwi wote siku moja. Kila mvua yakatwe karibu na udongo mashina manene, moja kati ya matatu. Kisha misimu 3 ya mvua, mwaka mmoja na nusu hivi, lupango wote unakuwa mpya.

Kila tawi likatwe mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linaloangalia nje. Sekateri inakata safi. Panga butu inapasua. Mwenye panga tu ainoe vizuri, na apige mara moja. Chombo kilichogusa mmea mgonjwa kioshwe kwa maji ya javel mbele ya kwenda kwenye mwingine.

Matawi yaliyokatwa yaende wapi?

Kuni ni shida kwa kijiji kilichozungukwa na Hifadhi ya Virunga, na majiti makavu ya ibiskusi yanasaidia jikoni. Majani yake mbuzi wanakula. Lakini laurier-rose ni sumu kuanzia mizizi paka maua, hata moshi wake. Isichomwe kwenye moto wa kukausha samaki, isifanywe kijiti cha kuchomea nyama, wala isitupwe karibu na mbuzi.

Lantana inataka uangalifu wa namna nyingine. Ilitoka Amerika, na leo ni kati ya mimea vamizi ya Afrika Mashariki. Ndege wanakula matunda yake meusi na kupeleka mbegu mbali. Virunga ni hifadhi tangu 1925 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1979. Mbegu za parseli moja zinafika humo bila kuomba ruhusa. Lantana ikatwe maua yanapoisha, mbele ya matunda kuwa meusi. Matawi yake yakaushwe ndani ya parseli, yasitupwe ziwani wala kwenye mpaka wa Hifadhi.