Kufunga ruta ya intaneti Kigoma: angalia haya kabla hujatoa hela

Vijana wengi wa huku wanaouza mawese, vitunguu na mbogamboga kwa oda wananiuliza: nifunge ruta nyumbani au niendelee kuunganisha kwa simu? Kama oda zinaingia kila siku, mimi nasema funga. Mnunuzi wa Tabora au Dar anataka picha ya mzigo na bei hapohapo. Ukimjibu jioni, ameshanunua kwa mwingine. Na ukienda na simu yako Kibirizi, anayebaki nyumbani na kompyuta ya mauzo hana intaneti.

Kwanza jua mtandao upi unashika kwako. Usimsikilize muuzaji, na usimuulize mtu wa Mwanga kama wewe unakaa Mwandiga. Azima laini za mitandao miwili mitatu, weka kwenye simu ya 4G, zunguka nayo nyumba nzima asubuhi, halafu rudia saa mbili usiku watu wakiwa wengi mtandaoni. Kigoma ni vilima na mabonde, nyumba mbili za jirani zinaweza kutofautiana kabisa. Wenzetu wa Mtanga na Mwamgongo, chini ya milima ya Gombe, wanalijua hili. Kuelekea Kagunga kuna la ziada: kifaa kinaweza kudaka mnara wa Burundi, kwa hiyo zima matumizi ya mtandao wa nje ya nchi kwenye mipangilio.

Pili, uliza dukani: hii inakubali laini zote? Ruta za ofa mara nyingi zimefungwa kwa laini ya kampuni moja. Kijana mmoja mkulima wa nyanya alinunua ya bei chee, kumbe laini hiyo haishiki kwake. Sasa ni pambo la kabati.

Kufunga kwenyewe ni dakika kumi. Laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole na namba yako ya NIDA (piga *106# uhakiki). Ichomeke ruta ikiwa imezimwa, washa, subiri taa ya mtandao. Geuza ruta chini, utaona kibandiko chenye jina la waifai na pasiwedi. Unga simu, fungua kivinjari, andika namba iliyo kwenye kibandiko. Mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukishaingia, badili pasiwedi zote mbili, ya waifai na ya mipangilio. Jirani akiisoma ile ya kibandiko, bando la mwezi linaisha kwa wiki.

Taa inawaka, bando lipo, lakini hakuna kinachofunguka? Hapo shaka yangu ya kwanza ni APN. Piga huduma kwa wateja wakutajie, uiandike herufi kwa herufi. Aliyefikiwa na faiba, fundi akimpa jina la mtumiaji na pasiwedi, aombe aandikiwe kwenye karatasi.

Humo humo kwenye mipangilio tafuta RSRP. Ikisoma -80 uko vizuri, -100 inavumilika, -115 utateseka. Sogeza ruta huku ukiangalia namba hiyo. Mabati yanazuia mawimbi, na michikichi mirefu mbele ya dirisha nayo inakata. Weka juu, dirishani, upande wa mnara. Watu wanaificha nyuma ya televisheni, sijui kwa nini.

Umeme ukikatika? Ruta nyingi ni volti 12, ampea 1, yaani wati 12 kwa juu kabisa. Betri ya volti 12 yenye Ah 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata saa tatu na nusu. Lakini usiunge ruta moja kwa moja kwenye betri inayochajiwa na sola, maana volti hupanda zaidi ya 14 na kuiunguza. Weka kidhibiti cha volti 12 katikati. Na mvua za Novemba hadi Aprili zikija na radi, chomoa waya wa umeme, pamoja na wa antena ya nje kama unayo.