Siku Moja Katika Mji wa Kale wa Gedi

Watu wengi wa Ukambani wamepata kufika Mombasa kwa kazi, kwa biashara, au kwa kuitazama bahari tu. Lakini ni wachache walioendelea mbele kidogo hata wakauona mji wa kale wa Gedi, ulio karibu na Watamu, kusini ya Malindi. Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao wasioujua, mpaka nilipopata likizo ya juma moja katika kazi yangu ya ukarani hapa Machakos, nikaazimia kuitumia siku moja kuutembelea. Niliondoka kwa hamu ya kutazama tu. Njiani niliulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu, na swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

SWALI LA MZEE

Nilipanda gari la moshi katika stesheni ya Athi River, lile linalosimama katika kila stesheni. Wasomaji wajua kwamba reli hii mpya ilijengwa na kampuni ya Kichina, ikafunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Tulipofika Emali akaingia mzee mmoja, mkulima wa maembe, akaketi kunielekea. Baada ya kuamkiana aliniuliza:

"Mwanangu, safari yako ni ya wapi?"

"Nakwenda Gedi, mzee wangu, kuutazama mji wa kale."

"Ule uliojengwa na Wachina?"

"Nani amekuambia, mzee, kwamba ni Wachina?"

"Mjukuu wangu alifundishwa kwamba vyombo vya Kichina na fedha za Kichina vimefukuliwa humo ardhini. Kama hawakujenga wao, vyombo vyao vilifikaje? Zamani walijenga mji, na leo wamejenga reli hii. Sisi kazi yetu ni kupanda: kupanda mbegu, na kupanda magari ya wenzetu."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni sikufurahi. Katika shule ya misheni niliyosoma tulifundishwa kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na Waarabu. Sasa mzee alikuwa akisema ni Wachina. Wote wawili walikubaliana katika jambo moja tu, yaani kwamba si watu wa nchi hii. Mzee alishuka Voi kumwona binti yake, na kabla ya kushuka akaniambia, "Ukiupata ukweli wake uuandike, maana wewe ni karani."

NDANI YA BOMA

Nililala Mombasa, na asubuhi mapema nikapanda matatu ya kwenda Malindi. Tulipita Mtwapa na mashamba ya mkonge, tukavuka daraja la Kilifi, kisha tukapita kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Nilishuka Gedi, nikaenda kwa miguu mwendo mfupi hata lango la mahali penyewe. Hapo nilimkuta mwongozaji, kijana wa Kigiriama aliyezaliwa jirani, naye akanitembeza kwa adabu na kwa maarifa mengi.

Asiyepata kufika asidhani kwamba Gedi ni rundo la mawe penye jua kali. Ni msitu. Mibuyu na mikuyu imeota katikati ya nyumba, mizizi imeshuka juu ya kuta kama kamba, na kima wanarukaruka juu ya msikiti. Mji ulikuwa na boma la nje lenye urefu wa kama futi 9 kwenda juu, lililozunguka eka 45, na ndani yake boma la pili lililokinga msikiti mkuu, jumba la mfalme, na nyumba za wakubwa. Watu wa kawaida walikaa kati ya maboma hayo mawili, katika nyumba za udongo ambazo zimekwisha kutoweka. Inakisiwa kwamba katika siku zake za neema, yaani karne ya 15, mji ulikuwa na watu kama 2,500.

Mwongozaji alianza na kaburi moja lililo karibu na msikiti mkuu, lenye maandishi ya Kiarabu ya mwaka 802 wa Hijra, ndio mwaka 1399 kwa hesabu yetu. Kutoka hapo tukaingia msikitini, na juu ya mlango mmoja akanionyesha mkuki uliochongwa katika jiwe. Tena tukaingia katika jumba la mfalme, penye nyua za kupokelea wageni, vyoo na mahali pa kunawia. Kulikuwa hata na chumba cha hazina kisicho na mlango, ambacho mwenyewe aliingia kwa tundu lililo juu ukutani. Mimi, niliyekulia katika nyumba iliyokuwa na choo mwisho wa shamba, nilisimama pale nikistaajabu.

NYUMBA YA FEDHA YA KICHINA

Nyumba za Gedi zimepewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake. Iko nyumba ya mkasi, iko nyumba ya taa ya chuma, iko nyumba ya kisanduku cha pembe, iko nyumba ya ushanga wa Venice. Na iko nyumba ya fedha ya Kichina, kwa ajili ya sarafu yenye tundu la pembe nne katikati. Sarafu mbili za namna hiyo zilipatikana katika mji huu, nazo zilitolewa zamani za wafalme wa ukoo wa Song, ambao enzi yao ilikwisha mwaka 1279.

Hapo nilimwambia mwongozaji swali la mzee wa Emali. Hakucheka. Aliniuliza, "Bwana, huko kwenu Machakos hakuna nyumba yenye redio ya Kijapani?"

"Ziko nyingi."

"Basi baada ya miaka 600 watu wakija kuzifukua nyumba hizo, wakakuta redio, watasema Machakos ilijengwa na Wajapani?"

Nilinyamaza. Akaniambia niguse ukuta. Ni jiwe la matumbawe, lililokatwa katika pwani hii hii. Chokaa yake ilichomwa hapa. Boriti zilizoshika dari zilikuwa za mikoko, na mikoko imejaa katika ghuba ya Mida, mwendo mfupi kutoka hapo. Kisha akanipeleka katika nyumba ya makumbusho iliyo pale pale, ambako vyombo vimewekwa ndani ya vioo. Kweli yapo mabakuli ya kauri ya Uchina, mengine ya kijani kibichi, mengine meupe yenye maua ya buluu, na uzuri wake haujafifia. Lakini vipande vilivyochimbwa kwa wingi kupita vyote ni vya vyungu vya udongo vya wenyeji, vyungu vya kupikia na mitungi ya maji. Bakuli la Uchina lilikuwa la kuwekea mgeni. Chakula cha kila siku kilipikwa katika chungu kilichofinyangwa na mwanamke wa hapa.

Kosa la zamani lina historia yake. Mtaalamu James Kirkman ndiye aliyefukua Gedi kwa bidii tangu mwaka 1948 mpaka 1958, na bila kazi yake tusingejua mengi. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita mji huu mji wa Waarabu. Wataalamu waliofuata, na wengi wao ni Waafrika, wameonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka vijiji vya wavuvi na wakulima wa pwani wenyewe, yaani Waswahili. Haina maana kwamba wageni hawakuja. Walikuja, wakaoa, wakazaa. Mwaka 2023 wataalamu walitoa habari ya uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa zamani Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Waliona kwamba wengi wao walikuwa wa damu mbili. Damu ya Kiafrika ilitoka hasa upande wa akina mama, na damu ya Asia, zaidi ya Uajemi, upande wa akina baba. Basi asemaye kwamba pwani ni ya wageni amekosa, na asemaye kwamba hapakuwa na mgeni amekosa vile vile.

BAKULI HALIJI BURE

Ikiwa Wachina hawakujenga Gedi, vyombo vyao vilifikaje? Vilifika kwa biashara. Vyombo vingi vilipita mikono ya wafanya biashara wa India na wa Ghuba ya Uajemi, vikaletwa kwa pepo za kaskazi, na majahazi yakarudi kwa pepo za kusi. Mara chache Wachina walikuja wenyewe. Amiri Zheng He, aliyeongoza merikebu za Uchina kati ya mwaka 1405 na 1433, alituma watu wake mpaka pwani hii. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme mkuu wa Uchina twiga, na watu wa huko wakastaajabu mno, wakamdhani ni mnyama wa heri aliyetajwa katika hadithi zao. Na mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na wa Uchina, wakichimba Mambrui, kaskazini ya Malindi, walipata sarafu ya shaba ya mfalme huyo huyo aliyepelekewa twiga.

Yafaa tukumbuke kwamba bakuli zuri haliji bure. Kila kipande cha kauri kilichofukuliwa Gedi ni kama stakabadhi ya mnunuzi. Watu wa mji huu walikuwa na kitu cha kutoa. Pembe za ndovu zilitoka bara, na boriti za mikoko, magamba ya kobe na ambari vikatoka pwani. Miaka mingi baada ya Gedi kuachwa, babu zetu Wakamba nao walishika njia hiyo ya pembe, wakashuka na misafara yao mpaka pwani. Kwa hiyo watu wa bara hawakuwa watazamaji tu katika habari hii.

KISIMA KIKAVU

Kabla ya kuagana mwongozaji alinipeleka penye kisima kirefu karibu na msikiti mkuu. Nilichungulia, nikaona giza na majani makavu. Akasema kwamba visima vya Gedi vilizidi kuchimbwa chini kadiri maji yalivyoshuka.

Mji uliachwa mwanzoni mwa karne ya 17, na sababu zatajwa nyingi. Mwaka 1589 Wazimba waliishambulia pwani. Mwaka 1593 Wareno walihamisha makao yao kutoka Malindi kwenda Mombasa, na biashara ya upande huu ikadhoofika. Waoromo walishuka kutoka kaskazini, pakawa hapana amani. Na maji yalipungua visimani. Yaonekana hayakuwa jambo moja, ila yalisaidiana. Sisi wa Machakos, tunaojua maana ya kuchimba mchanga wa mto mkavu ili kupata mtungi mmoja wa maji, hatuhitaji kufafanuliwa. Wenyeji waliweza kuvumilia adui mpaka aondoke, na kungoja biashara mpaka irudi, lakini kisima kikikauka mama huchukua mtungi wake na watoto wake akaenda.

Msitu ukaufunika mji. Wareno, waliokaa Malindi karibu miaka mia, hawakuutaja katika maandishi yao. Mwaka 1884 Bwana John Kirk aliufikia, mwaka 1927 serikali ikauweka katika ulinzi, na mwezi wa Julai 2024 shirika la UNESCO likauandika kuwa Urithi wa Dunia. Lakini Wagiriama wa jirani walijua siku zote kwamba pana mji humo, nao waliuheshimu, wakisema kwamba roho za wazee wa kale zingali zikiulinda.

JIBU LANGU

Mzee wangu wa Emali, sikuuliza jina lako wala wewe hukuniuliza langu. Gazeti hili likikufikia, au likisomwa na mjukuu wako, hili ndilo jibu langu. Mji wa Gedi ulijengwa na watu wa pwani hii, kwa mawe na miti ya pwani hii. Walipokea wageni, wakachukua dini, hati na ndoa, wakanunua bakuli la Mchina na ushanga wa Venice kwa mali waliyokuwa nayo. Fedha ya kigeni ardhini haituonyeshi nani alikuwa bwana wa mji. Yatuonyesha kwamba wenye mji walijua kuuza.

Basi umesema kweli kwamba kazi yetu ni kupanda, ila hilo si neno la kuona haya. Maembe yako hupakiwa na kupelekwa mbali, kama pembe zilivyopelekwa zamani. Na wewe ukirudi nyumbani na sahani ya Kichina hutasema nyumba yako imejengwa Uchina. Lakini chunga kisima chako, na chimba matuta yako, maana bila maji hata mwenye mabakuli ya kauri huhama.

Nawasihi wasomaji wenye watoto wasiishie ufukoni watakapofika pwani. Wachukue siku moja waende Gedi, wamtafute mwongozaji, wawaache watoto waguse ukuta. Mimi nimekwisha kumwahidi mwanangu wa kwanza kwamba likizo ijayo tutakwenda pamoja, na swali la mzee nitamwuliza yeye tukiwa ndani ya gari la moshi.