Kiangazi samaki wanajificha wapi?



Desemba ikifika, vijito vyetu vya Irumu vinapungua. Mahali ambapo Oktoba maji yalifika kiunoni, sasa mtoto anapita bila kulowesha magoti. Wengi wanasema samaki wamekwisha. Hawajaisha, wamehama tu.

Maji yakipungua, samaki wanatafuta kina, kivuli na maficho. Wanakusanyika kwenye mashimo ya maji pale mto unapokata kona, chini ya mizizi ya miti ya ukingo, chini ya magogo na ndani ya mafunjo. Pale maji hayapati moto haraka, na ndege hawawaoni kirahisi. Tilapia anategemea hewa iliyo ndani ya maji. Kambale ni mgumu zaidi: ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia hata kwenye matope.

Hatari iko hapo: samaki wa kijito kizima wako pamoja mahali padogo, na sisi tunapajua. Wengine wanakausha shimo kwa beseni. Wengine wanatwanga majani ya tefrosia, ule mti mdogo unaopandwa shambani juu ya kufukuza fuko, na kuyatia majini. Sumu ile haichagui, mkubwa na mdogo wote wanaelea. Siku moja tunakula vizuri. Mvua zikirudi, wakati kambale anapanda kwenye majani yaliyofurika kutaga maelfu ya mayai, hakuna aliyebaki wa kutaga.

Mkulima hali maharagi yake yote, anabakisha mbegu. Shimo la kiangazi ndilo ghala ya mbegu ya mto. Tunashauri kila koperative:

- Chagueni pamoja na wazee wa kijiji shimo moja au mawili yasiyovuliwa kabisa toka Desemba mpaka mvua zirudi. Kwingine vueni kwa ndoano na nyavu za matundu makubwa.
- Msikate miti ya ukingo, wala msilime mpaka majini. Udongo unaoshuka unajaza shimo.
- Wenye mabwawa, chimbeni upande mmoja ufike mita 1 na nusu. Asubuhi mkiona samaki wanahema juu ya maji, hewa imepungua: acheni kwanza kutia mbolea na chakula, ingizeni maji mapya.

Mkutano wa koperative wa Novemba ndio wakati mzuri wa kupatana juu ya mashimo hayo, kabla maji hayajashuka.