Barbados Haikuombi Viza, Njia ya Kufika Ndiyo Yaweza Kukuomba

Mwaka jana mama mmoja wa mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, alifunga safari ya kwenda Barbados kumlea bintiye aliyekuwa karibu kujifungua. Binti ameolewa huko, na kwa desturi yetu mzazi haachwi peke yake arobaini yake. Pesa za mchezo zilipomfikia zamu, mama hakununua dhahabu wala kabati, alikata tiketi. Sanduku moja zima lilikuwa la mzazi na mtoto: leso, liwa, ubani, mdalasini na pilipili manga ya uji.

Mpwa wake ndiye aliyemshughulikia mambo ya simu na mtandao. Aliangalia akamwambia, “Khaloo, Barbados Mkenya haombwi viza.” Na hakusema uongo. Lakini Nairobi, kwenye kaunta ya ndege, binti aliyekuwa akiangalia pasipoti alimuuliza viza yake ya Uingereza iko wapi. Mama akamjibu, “Siendi Uingereza mwanangu, naenda Barbados.” Ndege ilikuwa inapitia London. Iliondoka bila yeye, na tiketi ilikuwa ya zile za bei nafuu ambazo pesa hazirudi.

Tangu siku ile watu kadhaa wameniuliza mambo ya visiwa vile vya Karibi, kwani watoto wetu siku hizi wako kila mahali, na wengine wanafanya kazi kwenye meli za kitalii zinazotia nanga huko. Nitaeleza kwa mfano wa Barbados, kwa sababu ndicho kisiwa nilicholazimika kukijua.

Barbados ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba kama 430, yaani takriban mara mbili ya Kaunti ya Mombasa, na wakazi wake hawafiki hata 300,000. Ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 30 Novemba 1966, na siku kama hiyo mwaka 2021 ikamwondoa Malkia katika uongozi wa dola na kuwa jamhuri. Katika Jumuiya ya Madola imebaki, kama sisi. Raia wengi wa nchi za Jumuiya hiyo huingia bila viza, na Mkenya ni mmoja wao: aweza kukaa kama mgeni hadi miezi 6. Idadi ya siku hasa huandikwa na afisa wa uhamiaji pale uwanjani, basi ukiwa wataka kukaa muda mrefu, mwambie mapema na uwe na sababu inayoeleweka.

Kutoombwa viza si sawa na kutoulizwa kitu. Afisa ataka kuona tiketi ya kurudi, au ya kuendelea mbele. Atataka kujua utalala wapi, na anwani iwe kamili, isiwe “kwa mwanangu” tu. Aweza kukuuliza utajikimu kwa nini. Anayefikia kwa jamaa yafaa abebe barua ya mwenyeji wake pamoja na nakala ya kitambulisho au pasipoti ya huyo mwenyeji. Pasipoti yako iwe na angalau miezi 6 mbele, kwa ajili ya nchi za njiani na kampuni za ndege. (Kupata pasipoti yenyewe kwa mtu wa Pwani ni hadithi nyingine. Aliyewahi kuambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake ajua nasema nini.)

Kuna pia fomu ya uhamiaji na forodha ambayo hujazwa mtandaoni siku chache kabla ya kusafiri. Ukimaliza wapata risiti yenye alama ya kusomwa na mashine, nawe uitoe kwenye karatasi kabisa, usitegemee chaji ya simu. Fomu hii ni ya bure katika tovuti ya serikali ya Barbados, ambayo anwani yake huishia na gov.bb. Ziko tovuti nyingine zinazofanana nayo zinazotoza dola kwa kazi hiyo hiyo. Ukiombwa nambari ya kadi ya benki, jua umepotea njia. Na vile viungo na ubani vya mzazi, vitaje kwenye fomu. Chakula kilichotajwa huangaliwa tu, kilichofichwa huleta maneno.

Sasa chanjo ya homa ya manjano, ile inayoletwa na mbu. Barbados hutaka cheti chake kwa kila msafiri aliyetimiza mwaka mmoja anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo. Mtu wa Mombasa aweza kubisha, na ana haki: Shirika la Afya Duniani lenyewe kwa kawaida halipendekezi chanjo hiyo kwa mgeni anayekuja kutembelea mji wa Mombasa, Kilifi, Kwale au Lamu peke yake. Lakini afisa wa Bridgetown hatazami kaunta wala kaunti. Atazama jina la nchi kwenye pasipoti na mahali ndege ilipoanzia. Kwa hivyo uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kufika, kwa sababu cheti hakihesabiwi kuwa halali kabla ya hapo. Zamani kilikuwa cha miaka 10. Tangu Julai 2016 ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa mwisho wake, basi ukiwa na kadi ya Hija au ya safari ya zamani itafute kabatini kabla ya kwenda kupanga foleni.

Tahadhari moja. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Aliyepita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, mja mzito, anayenyonyesha, na mwenye maradhi yanayopunguza kinga ya mwili, wote waonane na daktari kwanza. Daktari akiona haifai, aweza kuandika cheti cha msamaha. Mama yetu ana miaka 67. Alipimwa presha, akaulizwa maradhi yake moja baada ya moja, ndipo akadungwa.

Mpaka hapo ni mambo ya Barbados, na hakuna lililo gumu. Ugumu ni kwamba hakuna ndege inayotoka Kenya ikatua Barbados. Lazima upite mahali, na kila mahali pana mlango wake. Hata ukipanda ndege Moi hapa Mombasa ukapitia Addis Ababa au Istanbul, bado kuna kituo kingine mbele kabla ya kuvuka Atlantiki.

London ndiyo njia inayojitokeza kwanza ukitafuta tiketi, kwa kuwa ndege za kwenda Bridgetown ni nyingi kutoka huko. Uingereza imeiweka Kenya katika orodha ya nchi ambazo raia wake lazima wawe na viza hata kama hawatoki nje ya uwanja, wanabadilisha ndege tu. Na viza zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya anayebaki ndani, asiyepita kwa maafisa wa uhamiaji. Ya pili ni ya anayepita kwao na kuondoka ndani ya saa 48. Hapa wengi huteleza: ukishuka Heathrow na ndege yako ya pili ikawa yaondoka Gatwick, hiyo ya kwanza haikufai, kwani utatoka barabarani. Mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Australia au New Zealand aweza kusamehewa ya kwanza, kwa masharti yanayofaa kusomwa moja moja.

Marekani hakuna kitu kinachoitwa kubaki ndani. Hata ukishuka New York kwa saa mbili unaelekea Barbados, utapita uhamiaji kama wanaobaki, na utahitaji viza ya kupita au ya kutembelea. Kanada nayo yataka viza, hata ya kupita.

Nchi za Schengen zina nafuu kidogo. Kenya haimo katika orodha yao ya pamoja ya wanaolazimika kuwa na viza ya kupitia uwanjani. Lakini kila nchi ya umoja huo inaruhusiwa kuongeza majina yake, na Spain iliiongeza Kenya mapema 2024. Kwa hivyo usiulize “Ulaya yataka viza?” Uliza uwanja ule ule utakaopitia, na wiki ile ile utakayosafiri. Fahamu pia kwamba ndege za Ulaya kwenda Barbados nyingine ni za msimu.

Kisha kuna mtego wa tiketi mbili. Vijana wetu hodari wa simu hupata bei rahisi kwa kununua safari mbili mbali mbali, Nairobi mpaka Ulaya, kisha Ulaya mpaka Bridgetown. Kwa tiketi mbili namna hiyo, mara nyingi sanduku haliunganishwi. Lazima utoke, ulichukue, ukalikabidhi upya, na kutoka ni kuingia nchi ya watu. Hapo viza ya Schengen yahitajika hata kama uwanja wenyewe haudai viza ya kupita. Shilingi 20,000 ulizookoa zaweza kukugharimu safari nzima.

Na anayekuzuia si mzungu wa London. Ni mfanyakazi wa kaunta Nairobi. Kampuni ya ndege ikimfikisha msafiri asiye na karatasi hutozwa faini na kulazimika kumrudisha, kwa hivyo wao huingiza pasipoti yako kwenye kompyuta inayoonyesha masharti ya kila nchi utakayogusa. Ikisema hapana, kulia hakusaidii. Mimi nilisimama pale na yule mama, nimeona.

Kwa wanaofikiria kazi: kuingia bila viza ni kwa kutembea tu. Anayefanya kazi yake kwa mtandao kwa mwajiri wa nje ana kibali chake tangu 2020, cha miezi 12, lakini sharti awe na kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka na alipe ada ya dola 2,000. Wangapi hapa mtaani? Baharia anayekwenda kuungana na meli huko asafiri na barua ya kampuni yake, na ikiwa njia au meli yagusa Marekani, viza ya mabaharia ya nchi hiyo.

Madogo madogo. Usibebe nguo yenye madoa ya kijeshi, hata ya mtoto, wala begi. Sheria ya Barbados inakataza. Dola yao moja ni nusu ya dola ya Marekani, na haibadiliki. Ukishawishiwa kuvuka kwenda Martinique, kumbuka hiyo ni Ufaransa, na viza ya kawaida ya Schengen haitoshi huko. Chakula hakitakupa shida: wana cou-cou, unga wa mahindi uliosongwa na bamia, wakaula kwa samaki.

Mama yetu aliomba viza ya kupita, akatoa alama za vidole, akasubiri, akakata tiketi nyingine kwa pesa za kukopa. Bridgetown afisa alimuuliza amekuja kwa nani na atarudi lini, akamgongea muhuri. Mtoto alikuwa na siku 52.