Barabara ya Kitengela Kutoka Dirishani



Wapenzi wasomaji, hivi karibuni tulisafiri kutoka Mombasa hadi Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, kumzuru ndugu yetu aliyehamia huko kikazi. Tulimkuta ameghadhibika. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa akichora kwa rangi za mafuta chumbani mwake, na baba amekwisha azimia kuzitupa rangi zote.

"Sheikh, mwambie wewe," alituambia. "Nyumba yangu haitakuwa karakana ya masanamu."

Tuliomba kwanza kuiona hiyo picha. Ilikuwa ni barabara ya Namanga wakati wa alasiri, kama ionekanavyo kutoka ghorofa ya tatu: matatu, vibanda vya mboga, malori yaendayo mpakani, na vumbi lililogeuka dhahabu kwa jua. Watu walikuwamo, lakini hawakuwa na macho wala pua. Kila mmoja alikuwa mguso au miguso miwili ya brashi. Shuka ya Mmasai ilikuwa alama nyekundu tu. Vivuli havikuwa vyeusi, bali vya buluu na zambarau.

"Ami, mimi sichori watu," alisema binti. "Nachora mwanga, kabla haujaondoka."

Mtindo huo una asili yake. Wachoraji waliofanya maonyesho Paris mwaka 1874 walichekwa kwa sababu hiyo hiyo. Claude Monet alichora barabara ya Capucines akiitazama kutoka juu, na mhakiki mmoja akawadhihaki wapita njia wake kuwa ni madoa matupu. Camille Pissarro, ambaye maradhi ya macho yalimzuia kufanya kazi nje, alikaa hotelini mwaka 1897 akaichora barabara ya Montmartre mara 14 kutoka dirishani, mchana na usiku, juani na mvuani.

Ama hukumu, imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Ibn Abbas (r.a.) alijiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya kutengeneza picha. Alimwonya vikali, kisha, alipomwona amefadhaika, akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Humo twaona katazo, na twaona pia mlango uliofunguliwa. Kuhusu umbo lisilo na uso, wanazuoni wametofautiana. Tulimshauri binti ashike lililo salama zaidi: barabara, majengo, migunga na mawingu ya Kajiado. Baba naye tulimwambia kwamba kipawa ni amana, hakitupwi, huelekezwa.

Binti alinyamaza kitambo. Kisha akachukua kisu butu akawakwangua watu mmoja mmoja, kwani rangi ya mafuta hukawia siku nyingi kukauka. Akaviacha vivuli vyao barabarani, nasi hatukumwambia aviondoe.

Baba tulimwachia kazi ya usalama. Tapentaini itumiwe madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko na watoto wadogo. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandazwe nje hadi yakauke, yasirundikwe, maana huweza kupata joto na kuwaka moto yenyewe.

Wazazi wenzetu, tukiwakuta watoto wetu na jambo tusilolijua, tutazame na tuulize kwanza, ndipo tuhukumu.

Wallahu a'lam.