Jinsi Kompyuta Inavyoiga Uteuzi wa Mbegu Shambani

Mkulima wa alizeti mkoani Singida hutenga vichwa vilivyojaa, kutoka mimea iliyostahimili ukame, viwe mbegu ya msimu ujao. Algorithimu za mageuzi, ambazo John Holland wa Marekani alizifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1975, hufuata njia hiyo. Kompyuta huzalisha majibu mengi ya tatizo moja, huyapima, huacha yaliyo dhaifu, huchanganya yaliyo bora na kuyabadilisha kidogo, kizazi baada ya kizazi. Njia hii hutumika kupanga nafasi za mitambo ya umeme wa upepo, rasilimali ambayo Singida imejaliwa.

Hata hivyo, kipimo huwekwa na binadamu. Anayepima wingi wa mavuno pekee, akasahau ukame, hupata mbegu itakayomwangusha mvua zikikatika.